Mackinnon Road ndani ya msana wa Lamu

Lamu haina reli. Machi 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walikutana Magogoni, hapa Lamu, kuuzindua mradi wa LAPSSET wa bandari, barabara na reli, na reli ilikuwa miongoni mwa yaliyoahidiwa. Gati la kwanza la bandari likafunguliwa Mei 2021. Reli bado tunaingoja. Ndiyo maana mgeni akipanda ngazi za kwangu hapa Mkomani, akakuta stesheni nzima ya mfano mdogo imelala kando ya ukuta na injini ndefu ya rangi ya damu ya mzee ikivuta mabehewa polepole kuelekea bara, swali lake huwa moja tu: haya umeyajulia wapi?

Nimeyajulia kwa ami yangu. Alizaliwa hapa, akaenda Mombasa akiwa kijana, akaajiriwa reli, na miaka yake ya kazi aliimaliza akiwa faeman, mtunza moto, kwenye zile injini kubwa za mvuke za Garratt kati ya Mombasa na Nairobi. Mimi ni seremala. Riziki yangu hutoka kwenye vijahazi ninavyochonga na kuuza, pamoja na milango na makasha watu wakiagiza. Yeye ana kumbukumbu, mimi nina patasi, na wote wawili tunaipenda kazi iliyofanywa sawasawa.

Vijana kadhaa wameniuliza namna ya kuanza, kwa hiyo nayaandika yale niliyoyaona yanafaa.

Kwanza, chagua stesheni ndogo. Moyo wa anayeanza humvuta Nairobi au Mombasa, penye njia nyingi, bohari na yadi za kupanga mabehewa. Piga hesabu kabla ya kununua hata msumari. Mimi natumia kipimo cha 1 kwa 87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, ambacho ndicho kilichoenea zaidi duniani. Kwa kipimo hicho, njia ya kupishania treni yenye urefu wa nusu kilomita inataka karibu mita sita za mbao, na hapo hujaweka pointi, pale njia inapogawanyika, wala mahali pa treni kutokea na kuingilia. Stesheni kubwa utaishia kuikatakata mpaka isijulikane ni ya wapi. Stesheni ndogo unaweza kuijua yote, jiwe kwa jiwe, na hata ukilazimika kuifupisha, utajua unachokiacha.

Hapa nyumba zetu za kale zimenisaidia kuliko nilivyotarajia. Upana wa chumba cha Lamu huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, kwa hiyo vyumba vyetu ni vyembamba, havifiki mita tatu, lakini ni virefu. Stesheni ya njia moja nayo ni hivyo hivyo, ndefu na nyembamba. Ukuta wa msana wa yuu, yaani chumba kirefu cha nyumba zetu, umeipokea kana kwamba ulijengwa kwa ajili yake, na zile zidaka ambazo bibi alikuwa akipangia vyombo vya kauri sasa zimepangwa mabehewa.

Niliichagua Mackinnon Road. Iko kwenye nyika ya Taru, ukipita Samburu kabla hujafika Voi. Jina lake limetokana na barabara iliyoitangulia reli, iliyoitwa kwa jina la William Mackinnon wa ile kampuni ya Imperial British East Africa. Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na Taru ndiyo iliyowatesa wajenzi mapema kabisa kwa sababu ya ukavu. Maji yalikuwa yakivutwa kwa treni kutoka nyuma ili wanaotandika mbele waweze kunywa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Uingereza lilianza kujenga bohari kubwa mahali hapo, kisha likaiacha. Miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, pakawa na kambi ya kuwafungia watu. Leo Madaraka Express, treni ya abiria ya reli mpya, inapita jirani bila kusimama hapo, na wengi walioko ndani hawajui kwamba pana stesheni yenye historia kama hii.

Nilipomwonyesha ami mchoro wangu wa mwanzo, wenye jengo, tangi, nyumba za wafanyakazi na mibuyu, aliutazama kwa muda mrefu. Hakuulizia jengo. Aliweka kidole juu ya treni ya mizigo niliyoichora imesimama, akaniambia: “Mwanangu, gari hii yangoja nini hapa?”

Swali hilo ndilo lililoijenga stesheni yangu, na ndilo ninalowaachia wote wanaoniuliza. Reli ya zamani kutoka Mombasa ni njia moja. Treni inayopanda bara na inayoshuka pwani haziwezi kupishana popote isipokuwa kwenye stesheni, na dereva haruhusiwi kuingia kipande cha njia kilicho mbele yake mpaka stesheni inayofuata imekubali kuwa kipande hicho ni kitupu. Kwa hiyo stesheni kama Mackinnon Road haikuwekwa pale kwa ajili ya abiria peke yao, maana nyikani kule abiria ni wachache. Iliwekwa ili treni zipishane. Treni ya mizigo inaingia njia ya pembeni, inangoja. Ya abiria inapita. Stesheni masta yuko kwenye simu na stesheni jirani, mwenye kazi ya pointi yuko kwenye wenzo wake, gadi amesimama mwisho wa treni na bendera mkononi. Ukishajua nani anamngoja nani, unajua pointi ikae wapi, jengo litazame wapi, na mtu akisimama pale dirishani anatakiwa aone nini.

Basi mchoro wa pili niliuanza na ratiba. Niliandika treni za siku moja kama ami anavyozikumbuka, ipi inapanda, ipi inashuka, ipi ina haki ya kupita kwanza, ndipo nikachora njia za kuzitosha. Jengo likaja mwishoni. Nimeona kazi za watu wengine, nzuri kwa macho, zenye nyumba zilizopakwa rangi kwa ustadi mkubwa, lakini treni ikiingia haina la kufanya. Inazunguka tu. Stesheni inayojua kazi yake haichoshi kuitazama.

Upana wa njia usiukosee. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Gawa milimita 1000 kwa 87, unapata 11.5, na reli za milimita 12 zinauzwa tayari Ulaya kwa ajili ya wanaojenga njia nyembamba za Uswisi na Ujerumani. Zile zinazopatikana kwa urahisi na bei nafuu ni za milimita 16.5. Zidishe hizo kwa 87, unapata 1435, ambao ndio upana wa SGR, ile reli mpya iliyozinduliwa 2017. Mtu akiweka injini ya mvuke ya Kenya juu ya reli hizo, hata asiyejua hesabu anahisi kuna kitu hakikukaa. Injini za zamani zilikuwa pana na nzito juu ya njia nyembamba, na umbo hilo ndilo linalozipa haiba yake.

Mataruma pia yana habari yake. Sehemu kubwa ya reli ile ililazwa juu ya mataruma ya chuma, kwa kuwa mchwa wa nyika hawaachi mbao. Reli za dukani huja na mataruma ya plastiki yaliyochorwa nyuzi za mbao. Nilizifuta nyuzi hizo kwa msasa, nikabandika ncha za karatasi ngumu zilizoinama chini, nikapaka rangi ya kutu. Ni kazi ya subira inayokula jioni nyingi, na sioni njia ya kuikwepa.

Kisha kuna bahari. Anayejenga Nairobi au Nakuru hana habari na chumvi, lakini sisi tunalala nayo. Wakati wa kusi unyevu unaingia hata ndani ya kabati, reli zinavaa utando wa kutu ya kijivu, na injini inaanza kusitasita kwa kuwa umeme unapita kwenye reli zenyewe kuingia magurudumuni. Mimi hupangusa reli kwa kitambaa chenye spiriti kila kabla ya kuwasha, pamoja na magurudumu. Meza nimeitengeneza kwa plaiwudi ya marini juu ya fremu ya mbao ngumu, nikaipiga vanishi pande zote mbili, juu na chini, ili unyevu usivute upande mmoja na kuipinda. Tena niliikata vipande vitatu vinavyofungwa kwa bolti, maana katika vichochoro vyetu kitu kirefu hakipiti kwenye kona, na huku mizigo hubebwa na punda. Kati ya reli na reli nimeacha nafasi ya unene wa kadi. Kaskazi ikikausha mbao na masika yakizivimbisha, reli zinapata pa kupumulia, na sijaona hata moja ikinyanyuka.

Mabati nilitaka yawe mabati. Bati la kawaida lina mawimbi yanayoachana kiasi cha milimita 76. Kwa kipimo changu hiyo ni chini kidogo ya milimita moja. Nyuzi za bolti ya spana namba 10 zinaachana milimita moja kamili. Nilipanga bolti kadhaa za namba hiyo ubavu kwa ubavu juu ya ubao, nikazibana zisicheze, nikalaza juu yake kipande cha foili nzito, ile ya vyombo vya kubebea chakula, halafu nikaikandamiza na kuisugua kwa mpini wa mswaki hadi kila mtaro ukatokea. Foili ikitoka pale, ukaikata kwa kipimo cha bati moja moja na kuibandika ikipandana kama wapauaji wanavyofanya, ukaichovya rangi ya kutu hapa na pale, hakuna atakayekuambia si bati. Nimepaua hivyo kila kilichohitaji paa, mpaka kibanda cha choo.

Udongo niliutoa mahali penyewe. Udongo wa Taru na Taita ni mwekundu wa aina yake, na hakuna rangi ya dukani inayoufikia. Nilipokwenda kuipima stesheni kwa futi kamba nilirudi na mfuko wake, nikapanda basi la kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, mfuko uko miguuni. Nyumbani niliukaanga kwenye sufuria kavu ili wadudu wafe, nikauchekecha mara mbili, ya pili kwa kitambaa cha shela. Halafu ikaja hatua ambayo wengi hawaijui: nikautandaza kwenye sinia na kupitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ilitoka na ndevu nyeusi za chembe za chuma. Chembe hizo zikibaki, treni huzinyonya mpaka ndani ya mota, na mota ikishazinyonya imekwisha. Nilirudia mpaka sumaku ikatoka safi. Udongo ukaenda juu ya gundi nyeupe ya mbao, kisha nikaudondoshea gundi iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo ili ipenye badala ya kutuama juu. Majani makavu ni makumbi ya nazi yaliyokatwa mafupi. Rangi ya makumbi ndiyo rangi ya nyika wakati wa kiangazi, na Lamu makumbi hayanunuliwi.

Kando ya reli pale Mackinnon Road kuna msikiti na kaburi la Seyyid Baghali Shah, mtu wa Punjabi aliyekuwa msimamizi wa vibarua reli ilipokuwa ikijengwa. Inasimuliwa kwamba karai lake la zege lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Mpaka leo madereva wa malori na mabasi ya Mombasa hupunguza mwendo pale, na wasafiri wa dini zote hushuka kuomba. Ami anasema hakuwahi kupita bila kusoma Fatiha, hata injini ikiwa katika mvuto mkali wa kupanda. Sehemu hii niliijenga peke yake, mbali na ile haraka ya kumaliza. Kuta nilizipaka chokaa halisi iliyochujwa, ileile tunayoipiga kwenye kuta zetu hapa, na sikuweka kijisanamu chochote cha mtu karibu na kaburi. Hapo niliona panyamaze.

Sasa injini. Hapa nitakaa kidogo.

Darasa la 59 ndizo injini ami alizozifanyia kazi. Zilijengwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Zilikuwa na uzito wa tani 252, na hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu zaidi duniani kote kwenye reli ya mita moja. Kila moja ilipewa jina la mlima. Namba 5918, Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na 5930, Mount Shengena, nayo imenusurika. Niliizunguka ile 5918 na daftari hadi walinzi wakanizoea.

Garratt ni injini mbili chini ya boila moja. Boila limekaa kwenye fremu ya katikati, na fremu hiyo imeegemea mbele na nyuma juu ya vitengo viwili vyenye magurudumu na silinda zake, kila kimoja kikigeuka peke yake. Tangi la maji liko mbele. Nyuma kuna mafuta. Ndiyo maana dude lenye urefu wa karibu mita 32 na magurudumu 28 liliweza kupita kwenye kona za reli ya mita moja bila kuiumiza. Kwa kipimo changu ni sentimita 36 na nusu, na nayo inakunja kona kwa mtindo uleule, kwa kuwa nimeiwekea mihimili miwili ya kugeukia mahali palepale ilipo kwenye injini ya kweli.

Boila la injini hizi lilikuwa na kipenyo cha futi saba na nusu. Gawa kwa 87, unapata milimita 26, na paipu ya plastiki ya maji ya robo tatu inchi inakaribia kabisa hapo. Boila la Mount Gelai yangu ni paipu ya fundi bomba. Matangi nimeyachonga kwa mbao, nikaziba vinyweleo kwa sila na kusugua mpaka yakang'aa kama chuma kilichopigwa rangi. Chini kuna chasisi mbili za mitumba kutoka Ujerumani, za kipimo cha TT ambacho nacho hutumia reli za milimita 12. Uzito ndio ulionisumbua. Mbao na plastiki ni nyepesi, na magurudumu yasipokandamizwa huteleza. Nilijaza chubwi za mishipi ya kuvulia ndani ya matangi yote mawili, nusu kwa nusu, na hapo ikashika njia. Nilipomweleza ami alifurahi sana, kwa kuwa injini yenyewe ilikuwa na mambo hayo hayo: safari ikiendelea maji na mafuta yanapungua, uzito juu ya magurudumu unapungua, na dereva lazima auhisi mabadiliko hayo mkononi mwake.

Yeye hakuwa akishika sepetu. Injini hizi zilichoma mafuta, na kazi ya faeman ilikuwa kusikiliza moto na kucheza na vali, mafuta yasizidi wala yasipungue. Masizi yakijaa kwenye mirija ya boila, alitupa mchanga kidogo kupitia kitundu cha tanuri, mvuto ukaupitisha ukakwangua mirija, na bomba la moshi likatoa wingu jeusi tii. Kwa hiyo mgongo wa injini yangu una masizi nyuma ya bomba, mahali alipoonyesha yeye kwa kidole. Na bomba lenyewe ni jembamba na refu, lililobanwa ubavuni, la aina ya Giesl, ambalo injini hizi zilifungiwa miaka ya 1960. Ukiweka bomba la duara, umeirudisha injini miaka ya 1950, na lazima kila kitu kingine stesheni kikafuate. Nyuma ya injini nimeweka behewa la kulala la wafanyakazi, kwa kuwa dereva na faeman walisafiri seti mbili, wengine kazini na wengine wamepumzika, wakibadilishana mpaka Nairobi.

Umeme ulikuwa rahisi kuliko vyote. Treni hizi hutumia volti 12 za moja kwa moja, na betri ya sola ni volti 12. Fundi wa redio wa Langoni alinitengenezea kidhibiti mwendo na kuweka fyuzi kwenye kila waya. Stima ya mtaa ikikatika, Mackinnon Road inaendelea.

Jioni baada ya isha tunaendesha ratiba. Ami hukaa kwenye kiti cha mpingo upande wa Mombasa, mimi upande wa Voi, na binti wa jirani ndiye stesheni masta: ana kipande cha chuma kilichotundikwa anachokigonga treni ikiruhusiwa. Hakuna anayesogeza kitu mpaka mwingine amekubali. Kuna wakati treni ya mizigo inakaa kwenye njia ya pembeni hadi chai inapoa, na hakuna anayelalamika. Binti huyo sasa ameomba treni ya abiria iongezwe daraja la tatu, kwa kuwa anasema abiria wake wamejaa. Ami amekubaliana naye kwamba mwaka 1965 mabehewa ya daraja la tatu, yakiunganishwa pamoja, yalikuwa marefu kuliko mengine yote ya treni. Nimeshapasua mbao za mabehewa manne, na wiki hii nakata madirisha.